Kigelegele cha Bi Salha

Joto lilikuwa limewatoa watu wote barazani, lakini Bi Salha alijifungia ndani, madirisha kayabana, sauti ya runinga kaishusha. Yeye ndiye aliyewaambia wanawake wa mtaa kwamba shindano lile, la vijana kufungiwa nyumba moja na kutolewa mmoja mmoja kwa kura, ni upuuzi wa wasio na kazi. Na hakulikosa hata siku moja.

Leo walibaki wawili, mmoja wao Nasra, msichana ambaye Bi Salha hakumjua ila kwenye runinga. Bi Salha aling'ata ncha ya khanga.

"Mtajeni Nasra," aliiomba runinga. "Mtajeni mwanangu!"

Wakamtaja Nasra.

Kigelegele kilimtoka kabla hajajizuia, kirefu, cha harusi hasa. Akajiziba mdomo kwa khanga, lakini mtaa ule kigelegele hakiachwi peke yake. Cha pili kilijibu kutoka nyumba ya jirani, cha tatu ng'ambo ya njia, na mara mlango ukasukumwa.

"Hongera, Bi Salha! Binti kaposwa?" Jirani yake, Mama Tunu, aliingia akihema, wenzake nyuma yake.

Bi Salha alipapasa kochi akitafuta rimoti. Hakuiona, alikuwa ameikalia.

Mama Tunu akageukia runinga. Akamwona msichana analia kwa furaha, akashika kifua.

"Kashinda?" alinong'ona. "Nasra wetu kashinda?"

Mlangoni wanawake walitazamana. Kisha mmoja akavua viatu.

Bi Salha akasogea kuwapisha. Mama Tunu akaiokota rimoti, ingali na joto, akaongeza sauti.