Mkono wa Mwanashamba

"Aliye katika siku zake atoke," alisema Bi Sauda, mwosha maiti, kata ya maji mkononi.

Wanawake wawili wakatoka. Mwanashamba akabaki kando ya maiti ya mama yake.

"Nawe umo," shangazi yake alimkumbusha. "Wazee walisema mkono wa mwenye hedhi humchafua maiti."

"Shangazi, miaka mitatu mama alikuwa hajiwezi, nikamwogesha kila siku. Siku zangu zilinijia kila mwezi, naye hakuniambia hata mara moja kwamba nimemchafua."

Shangazi akajitanda kanga, akatoka. Bi Sauda akamkabidhi Mwanashamba kata.

Mwanashamba akakiinua kichwa cha mama yake, akaanza kumimina maji kwenye nywele, taratibu, kiganja chake kimeliziba sikio yasiingie.