Mwenye Nyumba wa Ukutani

Kwetu Tanga sheria ni kwamba mume akizidi kukaa safarini, mkewe anaruhusiwa kumchorisha kwenye uwanja wa michoro, kwa rangi inayosema, na ule mchoro ndio unakuwa mwenye nyumba. Habari hiyo niliisikia nikiwa Lubumbashi, nikacheka.

Niliporudi, jirani akaniambia mke wangu Sikudhani yuko huko uwanjani. Nikapita kuta zenye samaki, zenye herufi ndefu kama minazi, na zenye sura za waume wa watu, mpaka nikamkuta kakaa kwenye kigoda anamenya chungwa mbele ya sura yangu. Walinichora kijana, na pengo langu la jino palepale.

"Goti linaendeleaje, mama Tatu?" ukuta ulikuwa ukimuuliza, kwa sauti yangu kabisa.

Mimi hata sikujua kama anaumwa goti.

"Nimerudi," nikasema. "Safari hii nimekuja kukaa. Twende nyumbani."

Sikudhani alinitazama kuanzia viatu. "Umechakaa, baba Tatu. Ngoja kwanza nimuulize mwenyewe." Akaugeukia ukuta. "Mume wangu, huyu tumkaribishe?"

Nikaikazia macho ile sura kama mtu anayemtazama ndugu yake mahakamani. Nani mwingine angenitetea, kama si mimi?

Ukuta ukacheka kicheko changu. "Mtandikie sebuleni, ale ashibe," ukasema. "Ila nguo zake usizitoe kwenye begi. Huyu namjua."