Kumnyonyoa Chachandu

Tangu mume wa Mbeyu afariki, mbwa wao Chachandu hakutaka mtu aguse manyoya yake magumu kama brashi. Alikwisha kumng'ata Mbeyu mara mbili, na mwanawe Mbeyu alikuwa ameapa: akimng'ata mama tena, mbwa atatolewa nyumbani.

Asubuhi hiyo Mbeyu aliketi barazani kando ya Chachandu aliyelala, akaanza kung'oa manyoya yaliyokufa kwa vidole, machache machache, kama alivyozoea marehemu.

"Shoga, leo mnakula mbwa?" jirani akamtania. "Si uchukue mkasi umalize!"

"Mkasi utayalainisha manyoya yawe kama pamba. Huyu hunyonyolewa, mwenzangu."

Chachandu akanguruma. Mbeyu akausimamisha mkono, ila hakuuondoa. Akangoja. Mngurumo ukafifia, naye akaendelea mpaka ubavu mzima ukang'aa.

Kisha mbwa akainuka, akajinyoosha, akageuka mwenyewe, akalala akimpa ubavu wa pili.