Kiganja cha Baba

Jeneza lilipoanza kufunguka kwenye runinga, Lorna alikaza macho. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kipande hicho hakuwahi kukiona.

Tangu asubuhi yeye na baba yake walikuwa wakitazama filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na rangi, kama walivyofanya kila Halowini alipokuwa mdogo. Barazani, boga lililochongwa meno lilikuwa likisubiri watoto waje kuomba pipi. Baba alitafuna mbegu za boga. Mara mbili alikuwa amemuuliza Lorna, "Samahani mama, wewe ndiye nesi mpya?"

Mara ya pili Lorna alichoka kubisha, akaitikia.

Kifuniko kikalia kwaa. Vidole vya zimwi vikachomoza.

Ghafla kiganja kikamfunika macho. Kilinuka chumvi na mbegu za kukaanga, vilevile kama zamani.

"Usitazame, mwanangu," baba alinong'ona. "Nitakwambia likishaondoka."

Lorna alitulia tuli, kope zake zikilowesha kile kiganja, mpaka muziki wa mwisho ukaanza kupigwa.

"Limeondoka, baba?"

"Bado."

"Asante," akasema Lorna.