Ukucha wa Fuko

Mashahidi wote walikubaliana kwamba Fuko, mchimbaji, alihudhuria mafunzo ya usalama na akauliza swali moja.

"Mzee Nyegere, dari ya shimo ina ufa. Si itatuangukia?"

"Hongera, bwana! Umeitambua hatari," alijibu Nyegere, msimamizi wao. "Tia ukucha hapa kwenye karatasi, penye neno *nimeelewa*."

"Na nguzo je?"

"Haya ni mafunzo ya kutambua, bwana, si ya kujenga."

Fuko akatia ukucha, kwa kuwa asiyetia hakuruhusiwa kazini. Siku ya tatu dari ikamfukia.

Mkewe alipodai haki barazani, Nyegere aliinua karatasi ile. "Pole, shemeji. Marehemu alielewa."

Baraza likaridhika. Nguzo haikuwekwa, na zamu nyingine ikateremka. Msikilizaji, hukumu ni yako: mafunzo yale yalimlinda nani?