Ng'ombe wa Mgeni Katika Folda ya Imakulata

Mchezo wa kompyuta wa kufuga ng'ombe uligoma kufunguka, na kiranja wa kompyuta akaitwa kwa heshima zote, kama padre anavyoitiwa mgonjwa.

Mwenye tatizo alikuwa mgeni wa kidato cha tatu kutoka Balangdalalu. Imakulata alisimama nyuma ya kiti cha mgeni huyo, karibu kuliko kanuni za shule zinavyoruhusu.

Kiranja akafungua mipangilio. Kila mwanafunzi alikuwa na folda yake ya nyumbani, na humo ndimo mchezo ulimotunza mifugo yake. Lakini nyumbani kwa mgeni paliandikwa jina la Imakulata, na folda ya Imakulata haikumruhusu mgeni kuingia.

"Nani kaweka hivi?"

"Mimi," akasema Imakulata. "Folda yake ilijaa, nikahamishia ng'ombe wake kwangu. Tunafuga pamoja. Ruhusu tu, kaka kiranja, watakufa njaa."

Masikio ya kiranja yakawaka moto. Wilaya nzima ya Hanang inajua kwamba ukimkabidhi mtu ng'ombe wako walale zizini kwake, ninyi si watu baki tena. Yeye alimfundisha Imakulata kushika kipanya muhula mzima, na hakuwahi kukabidhiwa hata mbuzi.

Akakohoa. "Zizi lako lina nafasi ya ng'ombe wangu mmoja?"

Imakulata akamtazama mgeni, akisubiri mwenye mji aamue.

"Mlete, kaka," mgeni akasema kwa upole. "Tutamtunza."

Kiranja akasogeza kishale taratibu, kutoka kwenye neno la kuruhusu hadi kwenye neno la kufuta.