Vitufe vya Don Wilmar

Nélida alikikalia kiti cha don Wilmar nusu tako, masikio yakiwa jikoni. Maji ya yerba, yale majani ya chai ya kwao, hayachemshwi. Yakianza tu kuimba, mzee huyaondoa motoni akarudi. Nélida hakuwa na muda.

Mvua ilikuwa imeushika mji wa Salto tangu alfajiri, na mto ulikuwa ukipanda. Humu ndani ya chumba cha mitambo, pampu za kuvuta maji kutoka mitaa ya bondeni ziliendeshwa kwa amri zilizoandikwa kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Ukilifunga dirisha, pampu zinalala. Na kulifunga ni rahisi mno: vitufe vitatu kwa mpigo, basi, kompyuta haikuulizi mara mbili.

Wiki hii lilikuwa limefungwa mara mbili. Mara ya pili, vitanda vya watu vilielea. Nani kafanya? Mitambo haikusema, maana Nélida na don Wilmar, kwa uvivu wa miaka, waliingia wote, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kwa jina moja na neno la siri moja.

"Kesho jioni nataka mhusika," mhandisi Pintos alikuwa amewaambia jana. "Anakwenda nyumbani, na kiinua mgongo asahau."

Kwa Nélida mhusika hakuhitaji kutafutwa. Mikono ya don Wilmar ilitetemeka hata akishika kijiko, na alibakiza miezi michache astaafu. Yeye Nélida vidole vyake vilitangulia macho, na alijivunia hilo. Lakini kazi yote alifundishwa na mzee huyu, na alimpenda kama baba. Kumwona akitupwa nje hivihivi asingeweza.

"Don Wilmar!" aliita, apime umbali. "Umelala huko?"

"Subiri, binti! Wewe na haraka mlizaliwa tumbo moja!"

Angeuzima ule mkato wa vitufe vitatu kwenye kompyuta ya mzee, ili mikono itetemeke itakavyo na dirisha lisifungike. Kisha angemwambia Pintos kwamba kompyuta ya mzee ilikuwa na hitilafu, nayo imeshatengenezwa. Alifungua mipangilio, akateremka hadi kwenye mikato. Kunakili. Kubandika. Dirisha jipya. Kufunga dirisha.

Mbele ya maneno hayo paliandikwa: imezimwa.

Hakuamini. Alifungua dirisha jingine, tupu, la kujaribia tu, akavibonyeza vile vitufe vitatu. Dirisha halikutikisika. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Hapo utabonyeza mpaka Pasaka."

Don Wilmar alikuwa mlangoni, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha yerba kikicheza mkononi. Alikuwa ameshavaa koti lake la mvua.

Nélida aliruka kutoka kitini. "Don Wilmar, haki ya Mungu sikuwa na nia mbaya. Nilidhani tu..."

"Najua ulichodhani. Huo mkato niliuzima mwaka juzi, mikono ilipoanza kunisaliti." Mzee aliketi taratibu, akammiminia. "Kunywa kwanza, binti. Wa kompyuta yako nimeuzima leo asubuhi, nilipotoka kumwambia Pintos kwamba aliyefunga dirisha ni mimi."